Kutoka Kijitonyama mpaka Mahenge, nikifuata vibali vya utafiti vinapoishia

JUMATATU, Kijitonyama na Tandale

Kwa wasionijua mi ni mdodosaji, yani yule dada anayekuja kwako na tableti anakuuliza kaya ina watu wangapi, choo chenu cha aina gani, mtoto mdogo jana usiku kalala kwenye chandarua au hakulala. Nimezunguka na miradi ya afya, ya jamii, ya kilimo, na kila mradi siku ya semina lazima mtu anyanyue karatasi aseme jamani kibali hiki hapa tumeshapitishwa, alafu tunagawiwa vijiji tunaondoka. Safari hii nina nafasi kabla kazi nyingine haijaanza nikaona ngoja nizifuate hizo karatasi mpaka zinapofika, kwa watu wenyewe.

Asubuhi nimeshukia Sayansi, nikaingia COSTECH. Hii ndo Tume ya Sayansi na Teknolojia, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1986 ikachukua nafasi ya baraza la utafiti la zamani lililokuwepo tangu 1968. Kibali kinaombwa mtandaoni siku hizi, kinadumu mwaka mmoja afu unahuisha, na mgeni kutoka nje lazima awe na mwenzake wa hapa nchini anayeshirikiana nae. Ila kama utafiti unamgusa binadamu kiafya, kabla ya COSTECH kuna NIMR kwanza, yani taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wao wana kamati ya taifa ya maadili inayosoma kila kitu, maswali utakayouliza, damu utatoa mililita ngapi, sampuli utaziweka wapi, na ile fomu ya ridhaa kwa Kiswahili ambacho bibi wa kijijini akisomewa anaelewa. Ukiwa unajaribu dawa au chanjo unaenda na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Zanzibar nako wana utaratibu wao.

Watu wengi wanadhani hapo ndo mwisho. Hapana, hapo ndo kwanza barua inaanza kutembea. Inaenda kwa Katibu Tawala wa mkoa, inashuka wilayani, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, na ukifika kwenye nyumba ya mtu uwe umeongozana na mjumbe anayefahamika. Wenzetu wengine wanalalamika hizi ngazi ni nyingi mno zinawachelewesha. Mi silalamiki hata kidogo, maana mwezi wa kumi 2016 kule Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa udongo kutoka kituo cha utafiti wa kilimo Selian, Arusha, pamoja na dereva wao waliuawa na wananchi waliowadhania ni wanyonya damu. Watu watatu walikwenda kuchukua udongo. Kila nikimkosa mwenyekiti nyumbani kwake na kiongozi wa timu anasema tuanze tu, nawakumbuka wale, nakaa kwenye gogo namsubiri mwenyekiti.

Mchana nikachukua bajaji kwenda Tandale. Huko kuna mfano mzuri wa utafiti wa teknolojia ambao watu wa mtaani waliufanya wenyewe kwa miguu yao. Tandale ilichorwa ramani 2011, wanafunzi wa chuo na vijana wa mtaa wakipita na GPS kwenye vichochoro ambavyo kwenye ramani za serikali palikua na doa tupu. 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, COSTECH wakiwemo, Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu, Chuo Kikuu cha Dar na Ardhi, wakapanua kata nyingi zinazofurika, na data zote zikawekwa OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambako mtu yeyote anaweza kuingia akaziona. Mama mmoja muuza mihogo karibu na mfereji nimemuuliza kama anakumbuka wale vijana, akacheka, "hao si ndo nlowaonyesha maji yanapofika, mi nikawaambia hapa yanafika kiunoni, pale kwa mama Salma yanaingia mpaka dirishani". Anazungumza kama mwenye ramani, na kweli ni yake, bila mtu wa pale kusema maji yanapita wapi ile GPS ingebaki inahesabu mapaa tu.

JUMANNE, Bagamoyo

Gari za Bagamoyo zinapakia Makumbusho. Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, upepo wa bahari unaanza kuingia dirishani na ubuyu unauzwa kila kituo.

Bagamoyo watu wanaijua kwa magofu ya Kaole na Chuo cha Sanaa, ila kwenye dunia ya malaria huu mji ni mkubwa sana. Tawi la Ifakara Health Institute, taasisi ya utafiti wa afya, liko jirani na hospitali ya wilaya, na mwezi wa tano 2009 hapa hapa ndo zilichomwa sindano za kwanza za jaribio kubwa la mwisho la chanjo ya malaria ya RTS,S, lile la nchi 7 za Afrika, vituo 11, na Korogwe nayo ikiwemo. Watoto zaidi ya 15,000 walishiriki. Ilichukua mpaka oktoba 2021 ndo WHO, shirika la afya duniani, wakasema sawa chanjo itumike. Afu ikaja ya pili, R21, ya Oxford na Serum Institute ya India, ikajaribiwa kwa watoto 4,800 Mali, Burkina Faso, Kenya na hapa Bagamoyo, na kwenye maeneo kama haya ambayo malaria ipo mwaka mzima ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 68 katika mwaka wa kwanza. WHO wakaipitisha oktoba 2023.

Sasa 4,800 ukiisoma ni namba. Mi nimekaa barazani na mama mmoja ambae mtoto wake ni mmoja wa hao. Amenikaribisha mkeka, shikamoo kwa mama yake mzazi aliyekua anachambua mchele, tukapiga stori mpaka adhuhuri. Anasema siku ya kwanza walivoitwa kwenye kikao nusu ya kinamama waliondoka, maneno ya mumiani yalikua yashazagaa, kwamba damu za watoto zinauzwa. Mama yake ndo alimwambia kaa umsikilize daktari mpaka mwisho afu uamue. Akakaa, akauliza, kwanini mnatoa damu, kiasi gani, mtoto akiumwa usiku nani anakuja. Akapewa namba ya simu. Na akaambiwa jambo ambalo anasema ndo lilimtuliza, kwamba anaweza kumtoa mtoto muda wowote na hakuna atakaemnyima matibabu.

"Nikasaini. Mume wangu akanigombeza siku mbili afu akanyamaza." Anasema kila mtoto akipata homa walikua wanapimwa haraka na kutibiwa, na anajua chanjo imepitishwa dunia nzima, alisikia redioni. Nikamuuliza unajisikiaje ukisikia hivo, akaniambia dada, mwanangu amesaidia watoto wa watu ambao hata sitowaona. Bibi akaitikia kutoka kule kwenye ungo, "mwambie na bibi yake pia". Na ni haki yake, asingesema kaa usikilize yule mtoto asingekuwemo.

Jioni nimepita Kingani ambako wanajaribu vyandarua na dawa za mbu. Pia Bagamoyo hapa kuna maabara iliyofungwa kabisa wanayofanyia kazi mbu waliobadilishwa vinasaba, hao hawajaachiwa nje na wataalamu wenyewe wanasema lazima jamii ikubali kwanza. Kuna kijana wa bodaboda kanihoji sana juu ya hao mbu, anasema yeye hana shida na sayansi ila anataka aulizwe kabla na sio baada. Nakubaliana nae asilimia mia.

JUMATANO, Morogoro

Sikurudi Dar, nimepanda kosta Bagamoyo mpaka Msata, lami nzuri kilometa 64, Msata nikapata gari ya Chalinze, Chalinze hata sikukaa nikadaka basi la Moro. Uluguru imefunikwa mawingu nusu.

Nimekuja kwa ajili ya panya wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine. Wengi mmesikia habari zao, ila mpaka uone kwa macho. Apopo ni shirika lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, likaweka kambi yake hapa Sokoine kuanzia mwaka 2000, wanafundisha panya buku, wale wakubwa wa porini. Kazi ya kwanza mabomu ya ardhini, panya ni mwepesi hawezi kulilipua akikanyaga, walifanya kazi Msumbiji mpaka nchi ikatangazwa haina mabomu 2015, na yule panya Magawa aliyezaliwa na kufundishwa hapa Tanzania alikwenda Kambodia akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza 2020. Kazi ya pili ndo iliyonileta, kifua kikuu.

Inavofanyika ni hivi. Makohozi ya wagonjwa yanatoka kwenye vituo vya afya yakiwa yameshapimwa hospitali, yanachemshwa kuua vijidudu, yanapangwa kwenye sanduku refu lenye matundu. Panya anapita tundu moja moja ananusa, akifika kwenye TB anasimama anakwangua kwa miguu, kikitokea kile kisauti cha "klik" anajua amepatia anakwenda kulamba ndizi iliyopondwa. Sampuli 100 anamaliza kama dakika 20 hivi, kazi ambayo mtu na hadubini inaweza kumla mpaka siku nne. Panya akishasema hapa ipo hawamwamini moja kwa moja, wanarudia kupima maabara kwa njia zinazotambulika, ndo mgonjwa anaambiwa.

Na hapo ndo kipande kinachonigusa mimi kuliko panya. Mgonjwa huyo ameshaambiwa hospitali hana TB, yuko nyumbani anaendelea kukohoa na kuambukiza wanae, nani anamtafuta? Wanaomtafuta ni watu kama wa MKUTA, kikundi kilichoanzia Temeke cha waliougua TB wakapona. Fikiria kumtafuta mtu kwenye Mbagala au Manzese, namba aliyoandikisha haipatikani, jina analojulikana mtaani sio la cheti, anakaa kwa shemeji yake na shemeji hataki watu wajue. Mmoja wa wanaofanya hii kazi ameniambia mgonjwa huwa anakataa mlango mpaka wewe mwenyewe useme mi nilikua na uzito wa kilo thelathini na nane, leo nitazame. Hapo anafungua. Hii kazi ningependa siku moja ilipwe kama kazi ya kitaalamu maana ndivo ilivyo, panya ananusa, maabara inathibitisha, lakini kidonge kinafika mdomoni kwa sababu ya yule aliyegonga mlango mara ya tatu.

ALHAMISI, njiani

Siku nzima barabara. Msamvu alfajiri, Mikumi tembo wawili na twiga, kona ya Mikumi tukaacha lami kubwa kuingia Kidatu, miwa miwa miwa, Mang'ula milima ya Udzungwa iko kulia imesimama, Kiberege. Jirani yangu kwenye siti ni mkulima wa mpunga anarudi shamba, katueleza kuhusu madungu, vile vibanda vya juu wanavohamia msimu wa kulinda ndege na nguruwe. Familia nzima inahama miezi kadhaa, mbali na zahanati, kuta ni matete. Anasema chandarua anabeba siku zote, mwanzo mkewe, wa pili chandarua, afu jembe. Watafiti wa Ifakara wameandika sana kuhusu hivi vibanda na malaria, ila mi nimeelewa leo kwenye siti ya basi.

Nimefika Ifakara jioni, perege na wali, nikalala.

IJUMAA, Ifakara

Mswisi Rudolf Geigy alikuja bonde hili 1949, na 1957 ikafunguliwa maabara ndogo ya Waswisi hapa. Leo ni taasisi ya Kitanzania, wanasayansi wengi Watanzania, na mtu kama Fredros Okumu, Mkenya anayechunguza mbu, anafahamika duniani. Kining'ina nimeonyeshwa nyumba kubwa za nyavu ambazo ndani yake wamepanda migomba, wamejenga vibanda vya udongo, mbu wanaishi humo kama nje lakini hawatoki, watu wanaita mji wa mbu. Wanachofuatilia zaidi sasa ni mbu anaeitwa funestus, ambae ndo anaeambukiza malaria kwa sehemu kubwa sana bondeni hapa japo kwa idadi sio wengi, na kinachowapa moyo ni kwamba huyu anazaliana kwenye maji yasiyokauka, visima vya wazi, kingo za mito, sehemu chache ambazo zinaweza kutafutwa na zikajulikana. Na wanaozijua ni nani? Wavuvi na kina mama wanaochota maji. Wamewafundisha watu wa vijijini kutega mitego na kutambua viluwiluwi, nimekutana na kijana mmoja wa hao, ana daftari lake, anataja madimbwi ya kijiji chake kwa majina ya watu.

Ila kwangu mradi mkubwa kuliko yote wa Ifakara ni ule wa vyandarua wa miaka ya tisini. Wa umri wangu tunakumbuka Zuia Mbu. Walichukua Kilombero na Ulanga wakauza vyandarua na dawa ya kutumbukiza kupitia maduka ya kawaida kijijini, wakafuatilia kila kaya, nani kazaliwa nani kafariki, na matokeo yalipochapishwa 2001 yakaonyesha watoto wanaotumia vyandarua vyenye dawa wanapona kifo kwa asilimia 27 zaidi. Afu 2004 taifa zima likaja na hati punguzo, mjamzito anapewa kliniki anakwenda dukani na hela kidogo anachukua chandarua. Mama yangu mzazi alipata hati punguzo akiwa na mimba ya mdogo wangu wa mwisho, huko kwetu Singida, mbali kabisa na hapa. Nimekaa nje ya duka moja la zamani Ifakara nikawa nawaza kaya ngapi za hili bonde zilifungua mlango kila baada ya miezi minne zijibu maswali yale yale, nani kalala hapa, nani kahama, nani kafariki, ili mama yangu apate chandarua Singida. Mzee mwenye duka nikamsimulia, akasema, "mwanangu, wewe ndo wa kwanza kuja kunishukuru", akanipa soda.

Mchana Idete. Kijiji hiki mwanzoni mwa miaka ya tisini kilijaribu chanjo ya malaria ya daktari wa Kolombia, Manuel Patarroyo, ikaitwa SPf66. Matokeo ya 1994 yalionyesha asilimia 31, dunia ikashtuka kwa furaha, ila Gambia na Thailand haikufanya kazi na kwa watoto wachanga hapa hapa nayo haikufanya kazi, ikaachwa. Nimekaa na mzee mmoja ambae mwanae alichomwa. Nlidhani nitamletea habari, kumbe anajua kila kitu, "ile ilishindwa, tuliambiwa, lakini tulifanya sehemu yetu, hizi za sasa wamejifunzia wapi?" Mzee huyu hajaenda zaidi ya darasa la nne na amenieleza kwanini utafiti ulioshindwa nao ni utafiti kuliko semina zote nilizokaa.

Nimekaa nayo sana hiyo "tuliambiwa". Kuna mradi mmoja wa jamii niliofanya kazi mkoa mwingine, sitoutaja, tulikaa kijijini wiki kadhaa, tukauliza kinamama maswali mazito, ukatili nyumbani, mtoto aliyefariki, mume aliyeondoka, wakatujibu wengine wakilia, na ofisi ile haikurudi kuwaambia lolote, hata karatasi moja kwenye ubao wa kijiji. Kibali walikua nacho kimekamilika. Mi hilo linaniuma mpaka leo.

JUMAMOSI, Mahenge

Zamani hapa Kilombero ilikua pantoni, na watu wamepotelea mtoni. Sasa tunapita juu ya daraja la Magufuli dakika moja, Lupiro, alafu mlima, kona na kona, baridi inaanza.

Mahenge ni habari ya kifafa. 1960 daktari kijana wa Kinorwe, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki hapa baada ya kukuta watoto wengi wanaanguka kuliko alivowahi kuona, na wengine wakiwa na makovu makubwa ya moto, kwa sababu mtoto akiangukia jikoni watu waliogopa kumshika, waliamini mate yake yanaambukiza. Yeye ndo aliyeandika mapema kabisa kuhusu watoto wanaotikisa kichwa, ugonjwa ambao miaka mingi baadae ukaja kutikisa Sudani Kusini na kaskazini mwa Uganda. Watafiti wa NIMR na wenzao wa Ubelgiji wamerudi hivi karibuni, na wamekuta kifafa bado kiko juu vijijini kama Mdindo na Msogezi kuliko pale mjini, na minyoo ya usubi, ambayo inahusishwa na kifafa hiki, bado inazunguka japo kingatiba imegawiwa miaka zaidi ya ishirini. Inzi weusi wanaoieneza wanazaliana kwenye maji yanayokimbia, na huku kila bonde lina kijito kinachokimbia.

Nimepelekwa kwenye nyumba ya baba mwenye binti wa miaka kumi na saba hivi, ana kifafa tangu ana miaka tisa. Binti mwenyewe kanipokea mkoba, kaniletea kigoda. Anatumia dawa kila siku na akizipata haanguki, shida inakuja kituo kikiishiwa, na nauli ya kwenda kuzifuata kwingine ni pesa ya vibarua vya siku mbili. Baba anasema watafiti walipokuja aliambiwa hiki ni kifafa, kinatibika, hakiambukizi, na jambo lililobadilika sio dawa tu, majirani wameanza kumwacha binti achote maji kwenye bomba moja na wao. Nikamuuliza binti angependa utafiti ufanye nini tena. Kafikiria. "Waje wanieleze mimi, sio baba tu. Mi ndo naumwa."

Nilivorudi ofisi ya kijiji mtendaji kanitolea faili la barua za watafiti wote waliopita, nene, zimepangwa kwa tarehe, kila moja na muhuri wa wilaya. Nikamuuliza ngapi zina ripoti ya mwisho nyuma yake. Tukalipitia pamoja, mezani, mwenyekiti wa kitongoji akivuta kiti nae akasoma, kila barua ya kuingia tuliyoikosea ya kurudi mtendaji anaweka tiki ya penseli. Tulipomaliza akachukua daftari lake la mikutano akaandika kwenye ajenda za mkutano mkuu ujao wa kijiji, mrejesho wa tafiti, afu akauliza aandike kwa nani hizo barua za kudai majibu. Nikamwambia namba na anwani ya kamati ya maadili iko chini kabisa ya kila fomu ya ridhaa, nakala ambayo mshiriki anapaswa kubaki nayo. Yule baba wa binti alikua bado na yake, imekunjwa ndani ya kadi ya kliniki, mwenyekiti akamtuma kijana aifuate na tukaanza kunakili.